Fimbo inasema sentimita 310, kekee inasema 190: tuandike ipi?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Kikundi chetu kinataka kuonyesha thamani ya msitu wa kinamasi kabla haujachimbwa mifereji. Tulizamisha fimbo ya chuma kupima kina cha udongo wa peati, yaani wa mabaki ya mimea yasiyooza kabisa, ikasimama kwenye sentimita 310. Mahali hapohapo kekee ya udongo ilitoa peati mpaka sentimita 190 tu, na chini yake tope la kijivu. Tuandike kipimo kipi? Na tukitoka hapo, tunafikaje kwenye tani za kaboni?

JIBU: Andikeni 190. Fimbo haijui peati. Inachojua ni mahali ulaini unapoishia, na chini ya peati mara nyingi kuna udongo wa mfinyanzi au tope lililolowa ambalo fimbo hulipita bila shida. Hata hivyo msiitupe, kwa kuwa ni nyepesi na ya haraka. Itumieni kila mita 250 kwenye mkuza wenu, yaani mstari wa kupimia unaokatiza msitu, kisha mchimbe kwa kekee kwenye baadhi ya vituo hivyo, vya kina kirefu na kifupi. Mkishapata jozi za kutosha, chora grafu ya fimbo dhidi ya kekee, nanyi mtaweza kusahihisha vituo vilivyopimwa kwa fimbo peke yake. Fimbo ikigota ghafla kwa sauti ya mti, hilo ni gogo lililozama; sogeeni nusu mita mpime upya.

Jambo la pili ni kuamua mapema nini mtakiita peati. Ni mabaki ya mimea ambayo hayakuoza yakaisha kwa sababu maji yamezuia hewa, lakini mpaka wake huwekwa kwa namba. Watafiti waliochora ramani ya peati ya Cuvette Centrale, eneo la vinamasi katika Bonde la Kongo, walihesabu tabaka lenye angalau asilimia 65 ya mata ogani (vitu vilivyotokana na viumbe hai) na unene wa angalau sm 30. Indonesia hutumia sm 50. Ripoti isiyotaja ufafanuzi wake haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Sasa sampuli, na hapa ndipo hesabu nyingi za kaboni huharibika. Kinachotakiwa ni kipande chenye ujazo unaojulikana, ambacho hakikukandamizwa. Kekee ya kawaida ya kuzungusha hukoroga na kushindilia, hivyo inafaa kutambua tabaka tu. Kwa kaboni tumieni kekee ya kinamasi ya aina ya Kirusi, ile yenye chemba ya nusu silinda na bapa linalofunika. Isukumeni ikiwa imefungwa hadi kina mnachotaka, kisha zungusheni mpini nusu mzunguko: bapa hubaki palepale, chemba hukata udongo na kujifunga. Vuteni polepole. Chimbeni mashimo mawili yaliyoachana karibu mita moja na mpishane: sm 0–50 shimo la kwanza, 50–100 la pili, 100–150 mrudi la kwanza. Ncha ya kekee hutangulia chemba na kuvuruga sentimita kadhaa za chini. Mkibaki kwenye shimo moja, kila kipande kitaanza na udongo uliokwisha kuguswa.

Nusu mita ya juu ina mizizi tele na kekee huisukuma badala ya kuikata. Ni afadhali mkate bonge la mraba kwa kisu chenye meno na kulipima pande zote kwa rula.

Mkiifungua chemba, fanyeni kazi kwa haraka, maana peati hubadilika rangi ikipigwa na hewa. Andikeni rangi, mbao na mizizi iliyomo, kisha minyeni konzi moja kwa nguvu. Maji yakitoka maangavu yasiyo na rangi na mkono ukabaki na nyuzi, mimea haijaoza, yaani H1 kwenye kipimo cha von Post, kinachopanga kiwango cha kuoza kwa peati kutoka H1 hadi H10. Uji mweusi ukipenya wote katikati ya vidole na kiganja kikabaki kitupu, hiyo ni H10. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na mara nyingi ndicho kinachoeleza kwa nini tabaka mbili za shimo moja zina uzito tofauti. Minyeni udongo wa ziada, wala si ule mtakaoupeleka maabara.

Kateni vipande vya sm 10, mfunge kila kimoja kwenye mfuko usiopitisha maji na kuandika kina cha juu na cha chini. Chemba yenye kipenyo cha ndani cha sm 5 hutoa sentimita za ujazo 98 kwa kila sm 10. Kausheni kwa nyuzi joto 105 mpaka uzito uache kushuka, kwa kawaida siku moja hadi mbili. Msipime kikiwa cha moto wala msikiache wazi kwenye meza: peati kavu hunyonya unyevu wa hewa upesi, kwa hiyo ipoeni ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika, punje zinazonyonya unyevu. Kipande kikitoa gramu 12 kavu, gawanyeni kwa 98: ni gramu 0.12 kwa kila sentimita ya ujazo. Peati ya tropiki huwa kati ya 0.05 na 0.2 hivi. Mkipata 0.4, ama mmeshindilia sampuli, ama mna mfinyanzi mkononi.

Kutofautisha, sageni sehemu ya kile kikavu, mpime, mkichome kwenye tanuri kwa nyuzi 550 kwa saa 4, kisha mpime majivu. Uzito uliopotea ndio mata ogani. Tope lenu la kijivu litaacha majivu mengi na kuanguka chini ya asilimia 65 ya mata ogani, na mpaka wa peati utakuwa umethibitishwa. Tahadhari moja: mfinyanzi nao hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake katika joto hilo, kwa hiyo tabaka za mpakani huonekana ogani kuliko zilivyo.

Kwa kaboni yenyewe, pelekeni baadhi ya sampuli kwenye kichanganuzi cha elementi, mashine ya maabara inayopima sehemu ya kaboni. Tuseme wastani umekuwa asilimia 55. Zidisheni kina kwa uzito mkavu wa kila sentimita ya ujazo kwa sehemu ya kaboni: 190 × 0.12 × 0.55 = gramu 12.54 kwa sentimita ya mraba. Zidisheni kwa 100, mnapata tani 1,254 za kaboni kwa hekta. Mngeamini fimbo mngeandika 2,046, na mkaguzi wa kwanza mwenye kekee angeikataa ripoti nzima. Katika kazi halisi hesabuni kila tabaka peke yake kisha mjumlishe, kwa kuwa uzito haulingani toka juu hadi chini.

Kwa kuwa hofu yenu ni mifereji, mimi ningegawa nguvu sawasawa kati ya kaboni na maji. Zikeni mabomba ya PVC yenye matundu, yakae imara kwenye mfinyanzi wa chini ili yasipande na kushuka pamoja na peati. Kila mara pimeni mawili: toka mdomo wa bomba hadi kwenye maji, na toka mdomo hadi usawa wa ardhi. Tofauti ni kina cha maji chini ya uso wa ardhi. Kipimo cha pili kikiongezeka mwaka hadi mwaka, ardhi inadidimia. Simameni juu ya ubao, la sivyo uzito wenu utaikandamiza peati na kuyapandisha maji ndani ya bomba mkiwa mnayapima. Vipimo vya sasa, kabla ya mfereji, havitapatikana tena baadaye. Kanuni ya Indonesia ya 2016 huhesabu peati ya kilimo imeharibika maji yakishuka zaidi ya mita 0.4 chini ya uso, nayo ilikuja baada ya mradi wa mpunga ulioanza 1996 Kalimantan ya Kati kuchimba maelfu ya kilomita za mifereji kwenye peati, ambayo ikakauka na kuwaka moto 1997. Mfereji ukichimbwa pembeni, pangeni mabomba kwenye mstari unaotoka kwake kwenda ndani, mita 5, 20, 50, 100 na 200, muone ukame unafika wapi.