Vigaga vimetoka na rangi ya nyusi imepotea. Nirudi kwa fundi?

SWALI: Nimechorwa tatoo ya nyusi, ile ya kuchanjwa vijistari vinavyofanana na nywele. Leo ni siku ya kumi. Siku tatu za mwanzo zilikuwa nyeusi ti, nikaona haya hata kutoka nje. Kisha vikaja vigaga, vimebanduka, na sasa karibu sioni kitu, hasa nyusi ya kulia ambayo imebaki mabaka mabaka. Bado zinawasha. Dada yangu anasema nipake vaselini kwa wingi, fundi alisema nisipake kitu chochote. Je, rangi imekataa? Naweza kurudi wiki hii aniongezee?

JIBU: Usirudi wiki hii, dada. Na fundi akikubali kukuchanja tena siku ya kumi, mtilie shaka yeye kabla ya kuitilia shaka rangi. Maswali kama lako huja zaidi kutoka kwa watu walio kati ya siku ya nane na ya kumi na nne, na mara nyingi rangi ipo, ila kwa sasa ngozi imeifunika.

Sindano hupenyeza rangi chini ya ngozi ya juu na kuiacha mwanzoni mwa ngozi ya ndani. Ngozi ya juu ya uso ni nyembamba mno, kama sehemu ya kumi ya milimita, na sehemu ya rangi hunasa njiani, kwenye tabaka ambalo mwili utalitupa. Ule weusi wa siku za mwanzo ulikuwa mchanganyiko: rangi iliyofika mahali pake, rangi iliyobaki juu ikagandamana na majimaji ya kidonda, na uvimbe kidogo wa ngozi iliyochokozwa. Vigaga vilipobanduka viliondoka na ile ya juu, ambayo isingekaa kwa vyovyote.

Iliyobaki chini imemezwa na seli za kinga, nazo zimeishikilia. Ndiyo maana tatoo haitoki kwa kunawa. Lakini juu yake mwili umetandaza ngozi mpya ambayo haijakomaa. Kuitazama rangi sasa ni kama kutazama kitu kilicho nyuma ya kioo chenye mvuke. Ngozi ya juu hujibadilisha yote kwa muda wa siku 28 hivi kwa kijana, na kwa mtu mwenye umri mkubwa huchukua zaidi. Inavyozidi kukomaa, ndivyo vijistari vinavyojitokeza tena. Wengi huanza kuviona wiki ya tatu au ya nne. Rangi halisi, ile utakayoishi nayo, ihukumu kuanzia wiki ya sita.

Sababu ya kukukataza kurudi mapema ni hii: ngozi ambayo haijafunga vizuri haihimili shinikizo la sindano inavyotakiwa. Rangi huzama kupita kiasi na kutawanyika, ikipona inatoa kijivu chenye ubluu badala ya kahawia, na palipochanjwa mara mbili panaweza kuacha kovu. Nyusi iliyopauka inarekebishika kwa urahisi. Iliyozama ikageuka kijivu ni kazi ya leza.

Sasa hiyo ya kulia. Je, unalalia upande huo? Foronya husugua usiku kucha, na kigaga huondoka kabla ya siku zake. Kigaga kilichodondoka chenyewe ni chepesi, kimekauka pande zote mbili, na chini yake unakuta ngozi laini iliyopauka. Kilichong'olewa, kwa ukucha au kwa taulo, huwa na unyevu upande wa chini, na kilipotoka panang'aa na kuuma ukipagusa. Hapo rangi imetoka pamoja nacho, na pengo hilo litajazwa siku ya marekebisho. Inawezekana pia kwamba upande huo ulitoa damu zaidi wakati wa kuchanjwa, kwani damu husukuma rangi nje. Nyusi mbili kupona kwa mwendo tofauti ni jambo la kawaida kabisa.

Kuwasha nako kutaisha. Usikune, bonyeza taratibu pembeni ya nyusi kwa kidole safi, au weka kitambaa safi chenye ubaridi kwa dakika chache.

Kuhusu vaselini, mafundi wenyewe tumegawanyika, kwa hiyo dada yako na fundi wako kila mmoja ana watu wa kumuunga mkono. Mimi sipendi ukavu wa kupindukia, maana gaga nene linapopasuka huondoka na rangi, wala sipendi nyusi inayoelea kwenye mafuta, maana vigaga hulainika na kutoka mapema. Kichwa cha njiti ya kiberiti kinatosha nyusi zote mbili, baada ya kunawa na kukausha kwa kugusagusa. Wewe vigaga vimeshatoka, kwa hiyo kupaka kwa wingi hakukusaidii kitu. Usipake spiriti. Marhamu yenye neomaisini (dawa ya kuua bakteria) usiiguse bila kuambiwa na daktari, kwani huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi. Krimu zenye steroidi, retino (dawa za jamii ya vitamini A) au haidrokwinoni (dawa ya kufifisha weusi wa ngozi), zikiwemo nyingi za kung'arisha uso, ziweke mbali na nyusi: nyingine huchelewesha kupona, nyingine hufifisha rangi. Na hizo za retino, hata ukishapona usizifikishe hapo.

Mpaka wiki mbili zitimie, usiogelee, usikae kwenye mvuke, usifanye mazoezi ya kutoa jasho jingi, usipake wanja. Jua likwepe kwa kofia. Mafuta ya kuzuia jua yanasubiri ngozi ifunge.

Yapo mambo ambayo si ya kusubiri. Wekundu na uvimbe hutakiwa kupungua kila siku. Vikianza kuongezeka baada ya siku ya tatu, pakawa pa moto, pakatoa usaha, wekundu ukasambaa kuelekea jicho au ukapata homa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo, si kwa fundi. Vipele vigumu vinavyowasha kwa wiki nyingi, hata vikitokea miezi kadhaa baadaye, vinaweza kuwa mzio wa rangi, navyo ni vya daktari wa ngozi. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita mipaka ya kidonda, pia hujitokeza taratibu, baada ya miezi. Kama kuna mtu wa damu yako mwenye nazo, au wewe mwenyewe kovu la kutoboa sikio lilivimba, mwambie fundi kabla hajagusa tena.

Kama ngozi yako ni nyeusi, tarajia jambo moja zaidi. Rangi ya ngozi yako iko juu ya ile ya tatoo, kwa hiyo vijistari vitatulia vikiwa hafifu kuliko picha za matangazo. Tena ngozi nyeusi iliyochokozwa huweza kuweka kivuli cheusi kuzunguka nyusi kwa wiki kadhaa au miezi. Hicho si wino uliomwagika. Kwa ngozi ya mafuta, vijistari hutanuka vikaungana mapema. Fundi anaweza kukushauri siku ya marekebisho ajaze kwa mashine, vidoa vidogovidogo badala ya mistari.

Panga marekebisho kati ya wiki ya sita na ya nane. Nenda bila wanja, na ubebe picha ulizojipiga mbele ya dirisha, mchana, moja kila wiki. Kutoka hapo ataona kama mabaka ya kulia yalikuwepo tangu vigaga vilipotoka au yamekuja baadaye, na ataamua kama abadili rangi au ajaze tu mapengo.