Maswali ya Wasomaji: Ujumbe wa Mkutano Mkuu wa Chama Nchini Marekani Hupatikanaje?

*Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Uvira, na sasa ni raia wa Marekani ninayeishi Cedar Rapids, Iowa, pamoja na mume wangu na watoto wetu wanne. Mwaka 2024 tulitazama mikutano mikuu ya vyama kwenye televisheni, na binti yangu akaniuliza wale watu waliojaa ukumbini na mabango mikononi wamechaguliwa na nani. Sikuwa na jibu. Kiwandani ninakofanya kazi niliambiwa kwamba ni matajiri na wanasiasa tu. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa mjumbe, na aanzie wapi?*
*Mama wa watoto wanne, Cedar Rapids*

Mama, uliyoambiwa kiwandani si kweli, na ningependa binti yako apate jibu kamili. Wale uliowaona ni wajumbe, watu wanaopiga kura kwenye mkutano mkuu kumteua mgombea urais wa chama. Raia aliyeapishwa ana haki ya kuwa mjumbe sawasawa na raia aliyezaliwa Marekani, kwa kuwa viti ambavyo Katiba ya nchi hiyo imemzuia moja kwa moja ni vya urais na umakamu wa rais. Sharti lako la kwanza ni kuandikishwa kuwa mpiga kura, na la pili ni kujitambulisha katika daftari la Iowa kuwa mfuasi wa chama unachotaka kukiwakilisha, kwa sababu jimbo hilo huandika chama cha mpiga kura pamoja na jina lake.

Baada ya hapo unaingia katika taratibu ambazo zinatofautiana kati ya chama na chama na kati ya jimbo na jimbo, na ndiyo maana watu wengi hukata tamaa mapema. Usianze kwa kusoma kanuni za nchi nzima. Anza na hesabu ya jimbo lako. Chama cha Republican, kwa mfano, huwapa kila jimbo wajumbe 10 wa jimbo zima, kisha wajumbe 3 kwa kila wilaya ya uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, kisha viongozi 3 wa chama wanaoingia kwa nyadhifa zao, na juu yake nyongeza kwa majimbo yaliyokipa chama ushindi. Iowa ina wilaya 4 za aina hiyo, kwa hiyo ilianza na 10, ikaongeza 12 na 3, na kwa nyongeza ya 15 ikafikisha wajumbe 40 waliokwenda Milwaukee Julai 2024, katika mkutano wenye wajumbe 2,429. Mkutano wa chama cha Democratic uliofanyika Chicago mwezi uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi, wenye wajumbe zaidi ya 4,000.

Sasa njia yenyewe. Iowa ina mikutano ya wapiga kura wa mtaa, ambayo Waswahili wa huko wameizoea kwa jina la kokasi, na sheria ya jimbo inataka ifanyike katika kila mwaka wa uchaguzi mkuu na pia katika mwaka wa uchaguzi wa Bunge unaoangukia katikati. Hufanyika wakati wa baridi kali, kuanzia saa moja jioni, katika ukumbi wa mazoezi wa shule, maktaba, kanisa au hata sebuleni kwa mtu. Anayefanya kazi zamu ya usiku, na bila shaka wako wengi katika jamii yako, ni lazima abadilishane zamu na mwenzake wiki kadhaa kabla, kwa sababu mkutano huu haumsubiri mtu. Usiku huo, katika chama cha Republican, watu hutaja mgombea urais wanayemtaka, kisha wengi huvaa makoti yao na kuondoka. Hapo ndipo kazi yako inapoanza, Mama. Mwenyekiti huuliza nani yuko tayari kuwa mjumbe wa mkutano wa kaunti, na katika mitaa mingi viti vinavyotafutwa ni vingi kuliko mikono inayoinuliwa. Anayebaki na kuinua mkono huandikwa jina. Kutoka mkutano wa kaunti, ambazo ziko 99 katika Iowa, huchaguliwa watakaokwenda mkutano wa wilaya ya uchaguzi na mkutano wa jimbo, na ni katika mikutano hiyo miwili ambapo wajumbe wa taifa hupatikana. Wasomaji wetu wa Tanzania waliozoea kupanda kutoka shina, tawi na kata hadi wilaya na mkoa watauona mfumo huu kuwa si mgeni sana.

Kuna tukio moja ambalo kila anayetaka ujumbe angepaswa kulijua. Januari 2012 chama cha Republican kilifanya kokasi zake Iowa, na Rick Santorum akaonekana hatimaye kumzidi Mitt Romney kwa kura 34, huku Ron Paul akishika nafasi ya tatu. Lakini wafuasi wa Ron Paul walikuwa wamefundishwa kubaki ukumbini. Wenzao walipokwenda kulala, wao walijiandikisha kwa mkutano wa kaunti, wakahudhuria wa wilaya, wakahudhuria wa jimbo, wakichaguana kila hatua, na Agosti ya mwaka huohuo majimbo yalipoitwa moja baada ya jingine kutaja kura zake kwenye mkutano mkuu wa chama mjini Tampa, kura 22 kati ya 28 za Iowa zilikwenda kwa Ron Paul. Chama baadaye kilibadilisha kanuni ili kura ya mjumbe ifuate matokeo ya usiku wa kokasi, na naona mabadiliko hayo yalikuwa ya haki kwa wapiga kura. Hata hivyo, mtu anayepata kile kiti bado ni yule aliyevumilia mikutano yote mirefu ya Jumamosi, yenye hoja za utaratibu zisizokwisha, na chakula cha mchana alichobeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Ukichagua chama cha Democratic, utakuta hatua za ziada. Mgombea urais hupata wajumbe kwa uwiano wa kura alizopata, mradi amefikisha asilimia 15 katika jimbo au katika wilaya ya uchaguzi inayohusika. Wewe unayetaka kuwa mjumbe wake hujaza fomu ya kutangaza nia na kuahidi kumuunga mkono, kisha kambi ya mgombea huipitia orodha na ina haki ya kuondoa majina isiyoyaamini, kwa hiyo mtu aliyejitolea kugonga milango na kupiga simu kwa ajili ya mgombea huyo ana nafasi nzuri kuliko mgeni aliyejitokeza siku ya mwisho. Wanaobaki husimama mbele ya mkutano na kujieleza kwa muda mfupi sana kabla ya kupigiwa kura. Andaa maneno yako mapema, yasizidi dakika moja: wewe ni nani, unatoka wapi, umefanya nini kwa ajili ya chama. Chama hicho hutaka pia wajumbe wagawanywe sawa kati ya wanawake na wanaume, na kila jimbo lazima lieleze katika mpango wake wa uteuzi jinsi litakavyowafikia vijana na jamii ambazo zamani ziliachwa nje.

Kanuni hizo zina historia inayonigusa kila ninapoisoma. Agosti 1964 Fannie Lou Hamer, mwanamke mweusi wa Mississippi aliyekuwa amelima pamba katika mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, alikwenda na wenzake kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini Atlantic City kudai viti, kwa kuwa ujumbe rasmi wa jimbo lao ulikuwa wa weupe watupu. Aliieleza Kamati ya Hati za Wajumbe, mbele ya kamera za televisheni, jinsi alivyopigwa gerezani kwa sababu ya harakati za kuandikisha wapiga kura. Walipewa viti viwili tu, wakavikataa. Miaka minne baadaye, Chicago, aliingia ukumbini akiwa mjumbe halali. Mkutano huo wa 1968 ulivurugika vibaya, na marekebisho yaliyofuata ndiyo yaliyouondoa uteuzi wa wajumbe mikononi mwa wakubwa wachache na kuupeleka kwenye mikutano ya wazi na kura za mchujo, yaani zile ambazo wapiga kura wa jimbo hupiga kumchagua mgombea wa chama. Waliokuambia kwamba ni matajiri na wanasiasa tu walikuwa karibu na ukweli wa enzi zile.

Sehemu moja ya maneno yao bado ina uzito, nayo ni gharama. Mjumbe kwa kawaida hujilipia nauli, chakula na hoteli ambayo chama kimeitengea timu ya jimbo lake, na mikutano hii ya siku nne hufanyika katika miji ambayo vyumba hupanda bei wiki hiyo. Jumla yake inaweza kufika dola elfu kadhaa, bila kuhesabu siku za kazi unazopoteza. Naliona jambo hili kuwa kasoro kubwa ya mfumo mzima. Wajumbe wasio na uwezo huchangisha kwa majirani, vyama vya wafanyakazi na makanisa, na baadhi ya matawi ya chama ya majimbo hutafuta fedha za kuwasaidia. Uliza habari hii kabla ya kugombea, wala usione haya.

Kwa sasa usisubiri mwaka wa uchaguzi wa rais. Nenda katika ofisi ya chama ya kaunti yako, ambayo ni Linn, uulize mkutano ujao wa kamati ni lini, nawe uhudhurie. Binti yako mchukue pia, maana Iowa humruhusu kijana wa miaka 17 kushiriki kokasi ikiwa atatimiza 18 kufikia siku ya uchaguzi mkuu.

*Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Marekani mgombea hujulikana miezi kadhaa kabla ya mkutano mkuu. Ikiwa ni hivyo, wajumbe wanakwenda kufanya nini? Hapa kwetu wajumbe ndio wanaoamua.*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Umegusa tofauti ya msingi, ndugu yangu. Januari 2025, pale Mlimani City, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Chadema walipiga kura za uenyekiti usiku kucha, na Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482. Hakuna aliyeweza kuwa na uhakika wa matokeo kabla kura hazijahesabiwa, kwa sababu kila mjumbe alibeba uamuzi wake mwenyewe. Mjumbe wa Marekani hubeba uamuzi wa waliopiga kura za mchujo. Katika chama cha Republican, aliyefungwa na matokeo ya jimbo lake akitaja jina jingine, katibu wa mkutano huandika lile linalotakiwa na kanuni. Chama cha Democratic kinamtaka mjumbe aakisi matakwa ya waliomchagua kwa dhamiri njema, na kauli hiyo inaacha nafasi ndogo ya hiari.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1924 chama cha Democratic kilikaa New York zaidi ya wiki mbili na kupiga kura mara 103 kabla ya kumpata John W. Davis, aliyeshindwa baadaye katika uchaguzi. Mara ya mwisho kwa chama kikubwa kuhitaji zaidi ya mzunguko mmoja wa kura za kumteua mgombea urais ilikuwa 1952, Adlai Stevenson alipopita katika mzunguko wa tatu.

Lakini usihitimishe kwamba ujumbe ni pambo. Joe Biden alipojiondoa katika kugombea urais tarehe 21 Julai 2024, kura za mchujo zilikuwa zimekwisha, na maelfu ya wajumbe waliokuwa wamefungwa kwake wakajikuta hawana mgombea. Hakukuwa na muda wa kurudi kwa wananchi. Watu hao, wakiwemo walimu, wauguzi, madiwani na wastaafu, ndio waliompitisha Kamala Harris kwa kura ya kielektroniki iliyomalizika tarehe 5 Agosti, wiki mbili kabla ya mkutano wa Chicago kufunguliwa. Zaidi ya hayo, wajumbe huidhinisha ilani na kanuni za chama, na wengine hukaa katika kamati zinazoziandika. Wapo pia wajumbe wanaoingia kwa vyeo, kama vile magavana na wabunge wa Democratic, lakini tangu 2018 hawapigi kura katika mzunguko wa kwanza ikiwa kura yao inaweza kubadili mshindi.

*Mhariri, nina kadi ya ukaazi wa kudumu na ninaishi Dallas. Rafiki yangu amenishauri nijiandikishe kupiga kura ili mwaka ujao nigombee ujumbe. Je, inawezekana?*
*Msomaji, Dallas*

Hapana, na tafadhali usijiandikishe. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni haki ya raia peke yake, na mtu anayetia saini fomu inayosema kwamba yeye ni raia, hata kama aliisaini kwa haraka kwenye dirisha la leseni za udereva bila kuisoma, anaweza kunyimwa uraia na hata kurudishwa alikotoka. Kama umekwisha kutia saini, muone wakili wa uhamiaji kabla hujapeleka ombi lolote.

Mambo mengine yako wazi kwako. Unaruhusiwa kujitolea katika kampeni, kuwatafsiria wapiga kura wazee wanaozungumza Kiswahili, na hata kuchangia fedha, kwa kuwa sheria ya shirikisho inamruhusu mkaazi wa kudumu kufanya hivyo. Watu utakaofanya nao kazi leo ndio watakaokupigia kura ya ujumbe utakapokuwa umeapa. Muda wa kawaida wa kusubiri uraia ni miaka 5 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako, au 3 kwa anayeishi katika ndoa na raia, na fomu N-400 ya kuomba uraia inaweza kupelekwa siku 90 kabla muda huo haujatimia. Itazame kadi yako, uhesabu.