Re: Mgagani unabaki mchungu hata nikijaza karanga

Mkuu hapo shida sio karanga, inaanzia kwenye kuchuma, mgagani ukishatoa maua achana nao, chuma vichipukizi laini vya juu tu. Chemsha na chumvi kidogo mpaka majani yalainike, yale maji mwaga yote, usionee huruma, uchungu mwingi unaondoka nayo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, ndo umimine karanga za kusaga ulizokoroga na maji ya baridi zisigande mabonge, moto mdogo, koroga hadi uone mafuta yameanza kuelea. Karanga huna? Tia maziwa, Kenya huko kuna wanaoilaza kwenye maziwa usiku kucha na inatoka tamu balaa. Ila na ugali bana, sio wali.