Mkono Unakakamaa Ukiandika, MRI Haionyeshi Kitu

Kama mkono wako unakakamaa ukishika kalamu tu, lakini unafunga vifungo vya shati bila shida, na majibu ya MRI, yaani picha ya ubongo, yamekuja safi, usikubali kuambiwa kwamba ni mawazo. Hata mimi niliambiwa hivyo, na iliniumiza kuliko mkono wenyewe. Ninachougua ni distonia ya mkono, yaani misuli hujikaza yenyewe bila mtu kutaka. Vidole huibana kalamu kupita kiasi, kifundo hujipinda, na herufi huharibika kabla mstari haujaisha. Tangu 1982, watafiti Sheehy na Marsden walipowachunguza wagonjwa wa aina yetu, wataalamu wanauhesabu kuwa ugonjwa wa mfumo wa neva.

Picha safi maana yake hakuna uvimbe wala kiharusi. Tofauti za distonia ni ndogo mno, jicho la daktari haliwezi kuziona katika picha ya mtu mmoja. Watafiti huzipata wakilinganisha kwa kompyuta picha za wagonjwa wengi na za watu wenye afya. Utafiti wa 2004 ulikuta tishu ya kijivu, ile yenye seli za neva, imezidi katika eneo la ubongo linalotawala mkono; wa 2007 ukakuta imepungua, pamoja na kwenye thalamasi na serebelamu, sehemu nyingine za ubongo zinazosaidia kuongoza misuli. Kwa hiyo usitumie pesa kurudia MRI ukitafuta alama ya distonia.

Kilichonipa nguvu ni utafiti wa 2011. Wagonjwa walifungwa mkono wiki 4 wasiutumie, na tishu katika eneo lake ubongoni ikapungua; walipofundishwa upya kuutumia, ikaongezeka tena. Ubongo wa mtu mzima bado unabadilika, hata wetu sisi.

Tafuta daktari wa neva anayejua matatizo ya mwendo wa viungo, na umpelekee video yako ukiandika, kwa sababu mkono uliotulia haumwambii kitu. Muulize kuhusu sindano za sumu ya botulinamu. Hulegeza misuli kwa takriban miezi 3, ila zikikosea msuli au kipimo kikizidi, vidole hudhoofika. Mpiga piano Leon Fleisher, ambaye mkono wake wa kulia ulimgomea miaka ya 1960, alirudi kupiga kwa mikono miwili baada ya kuchomwa sindano hizo.

Nyumbani, jaribu kalamu nene, au gusa kidogo mkono unaoandika kwa ule mwingine. Mkono ukianza kukakamaa, weka kalamu chini, usishindane nao.