Barua kwa mwanangu: ulikwenda na nani?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumatatu usiku nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni, mbaazi zikaungulia. Umeniuliza kama katika madaktari niliofanya nao kazi hapa Mombasa yuko hata mmoja atakayekuandikia homoni za kike na kukufuatilia, au ufunge virago uhamie Nairobi. Umesema umebisha milango minne. Wawili hawakusomea mambo hayo, wa tatu alikupa jina la daktari bingwa wa homoni aliyeko Nairobi, wa nne alikuombea dua kisha akakuonyesha mlango.

Jibu utalipata. Kwanza niambie: kote huko ulikwenda na nani?

Neno langu unalijua. Kwa daktari hakwendwi peke yako. Nimelisema miaka 31 ya uuguzi, hadi marehemu babako akawa ananimalizia. Mtu akikaa peke yake mbele ya ile meza huitikia kila kitu, na akifika stejini hakumbuki kama kidonge ni cha asubuhi au cha usiku. Nyanyako alipokatwa tezi ya shingo nilipanda naye basi la usiku hadi Nairobi, karibu kilomita 500, kila baada ya miezi sita, kwa kuwa bingwa wa tezi hapa hatukumpata. Vile vidonge vyake vya alfajiri, kabla ya chai, ulivyokuwa ukimpelekea na bilauri ya maji, ni homoni. Mwili wake haukuitengeneza tena, akaimeza hadi siku aliyotutoka. Hakuna aliyemuuliza kama anastahili.

Utanijibu kwamba wewe si mgonjwa kama nyanya. Kweli. Shirika la Afya Duniani nalo liliitoa hali yako, ya kujijua mwanamke katika mwili wa kiume, kwenye orodha ya magonjwa ya akili mwaka 2019, na orodha hiyo mpya ikaanza kutumika 2022. Lakini damu ni damu, lazima ipimwe.

Nazunguka tu. Ninachotaka kukisema ni cha siku ile ya 2021. Ulikuwa na homa na koo limevimba, tukaenda kliniki moja mjini. Ulivaa lile dera la kijani na mtandio wake. Mhudumu wa mapokezi akaliita jina la kwenye kitambulisho kwa sauti, mara mbili, na ulipoinuka watu wote wakageuka. Ndani, daktari hata koo hakulitazama. Alikuuliza mambo yasiyohusu koo, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone. Kisha akanigeukia: "Mama, wewe ni nani kwake?"

Nikasema, "Jirani."

Mkoba ulikuwa magotini, nikawa nafungua zipu na kuifunga. Wewe ulikodolea macho bango la chanjo ukutani. Hukusema kitu, si pale, si kwenye tuktuk, si hadi leo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatoa wanafunzi wodini kwa kumcheka mgonjwa! Wala siwezi kusema sikujua. Mwaka 2014, ukiwa kidato cha pili, gazeti liliandika kwamba Mahakama Kuu imeamuru baraza la mitihani libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke aliyepewa jina la kiume alipozaliwa, kwenye cheti chake. Ulikikata kile kipande ukakificha ndani ya kamusi. Nilikiona nikipangusa vumbi, nikakirudisha palepale. Miaka saba nilikuwa nacho moyoni, na nilipoulizwa swali moja nikakukana. Nasema hakwendwi peke yako, na siku ile nilikuwepo, na ulikuwa peke yako.

Sasa hivyo vidonge. Umesema unanunua vya kupanga uzazi duka la dawa, unameza viwili kwa siku pamoja na spironolaktoni, ile ya kuzuia homoni ya kiume. Hapa nisikilize kama muuguzi. Vidonge vingi vya uzazi vina ethinilestradioli, homoni ya kike ya kutengenezwa, nayo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge likipanda mapafuni linaua. Ndiyo maana madaktari wa tiba hii hutumia estradioli yenyewe, ileile inayotengenezwa na mwili, na wengine hupendelea ile ya kupaka au kubandika kwenye ngozi. Spironolaktoni nimewapa wagonjwa wa moyo na wa ini miaka mingi: hupandisha potasiamu, na potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika. Mwaka wa kwanza damu hupimwa kila miezi mitatu hivi, potasiamu na figo, estradioli na testosteroni, ile homoni ya kiume. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikukata, usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali.

Kuhusu kuhama nina neno, limekaa kwenye ncha ya ulimi na linaniwasha. Mara nasema nenda, huko hakuna aliyesoma nawe madrasa. Mara nasema mtu hahami mji kwa ajili ya kipimo cha damu, na treni ipo tangu 2017. Kisha najiambia hayo ni maneno ya mama asiyetaka nyumba imzizime. Hukuniuliza napenda nini, basi sisemi. Ila chumba chako nimekipaka rangi upya.

Jibu lako ni hili. Yuko daktari niliyefanya naye kazi wodi ya wanaume. Hajawahi kumwanzishia mtu homoni hizi na hataki kubahatisha. Lakini amesema bingwa wa Nairobi akikuanzisha na kuandika barua yenye dozi na vipimo, yeye atakufuatilia hapa, na utaitwa kwa jina utakalompa. Aliniuliza, "Ni nani huyo, dada?" Nikasema ni mwanangu. "Yule wa kiume?" Nikakaa kimya kidogo. Nikasema, "Binti yangu."

Nilikuwa chumbani, mlango nimefunga, simu sikioni. Si sawa na kulisema pale mbele ya watu, najua.

Mpigie yule bingwa uombe siku. Tiketi mbili za treni nitakata mimi, usizozane nami. Andika kwenye karatasi kila unachomeza, kiasi gani na tangu lini, usifiche kitu. Mahamri na chupa ya chai nitabeba.

Mamako