Je, Mke wa Mchungaji wa Kimethodisti Naye Ameitwa?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu na nimechumbiwa na kijana anayemaliza masomo ya uchungaji katika Kanisa la Methodisti. Nimelelewa katika dhehebu ambalo mchungaji hudumu katika kanisa moja hadi anapostaafu, ilhali mchumba wangu ananiambia kwamba tutakuwa tukihamishwa. Waumini nao wameshaanza kuniita Mama Mchungaji na kuniuliza nitaongoza kikundi gani. Kwa nini Wamethodisti huwahamisha wachungaji wao, na mke ana wajibu gani kanisani? – Mchumba Mwenye Maswali

JIBU: Uhamisho huo si adhabu, bali ni desturi iliyoanza na John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, ambaye katika karne ya 18 aliwagawia wahubiri wake sakiti, yaani maeneo yenye vikundi kadhaa vya waumini, za kuzizungukia kwa farasi, kisha akawabadilisha baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwaka 1756 aliandika kwamba kama angehubiri mahali pamoja mwaka mzima, angejilaza usingizi yeye mwenyewe pamoja na wengi wa wasikilizaji wake. Hadi leo mchungaji wa Kimethodisti haajiriwi na ushirika mmoja: kwa utaratibu wa Uingereza hupangiwa kituo na Konferensi, yaani mkutano mkuu wa kanisa wa kila mwaka, na katika United Methodist Church, ambayo chimbuko lake ni Marekani, hupangiwa na askofu kwa mwaka mmoja mmoja, ingawa anaweza kurudishwa palepale kwa miaka mingi. Kwa kawaida hata nyumba anayoishi ni ya kanisa, kwa hiyo siku ya kustaafu huwa pia siku ya kufungasha, jambo ambalo wanandoa wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Mzigo wa kuhama ndio uliozitenganisha njia za ndugu wawili wa ukoo wa Wesley. Charles, mdogo wake John, alimwoa Sarah Gwynne mwaka 1749. Mwanzoni mkewe alifuatana naye safarini, lakini miaka michache baadaye Charles aliacha kuzunguka, wakatulia Bristol, na ndoa yao ikawa ya upendo ingawa walizika watoto watano kati ya wanane. John alimwoa mjane Mary Vazeille mwaka 1751, na muda mfupi baada ya arusi akaandika kwamba haelewi mhubiri aliyeoa atamjibu nini Mungu akipunguza hata hubiri moja au siku moja ya safari. Alilishika neno lake. Mary alijaribu kusafiri naye, akachoka, wakagombana kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 1781 John alipata habari baada ya mazishi. Wamethodisti wengi humlaumu Mary kwa ukali wake, nami sisemi alikuwa mpole, lakini naona lawama ya kwanza ni ya mume aliyeoa huku akipanga kuishi kama kapera.

Kuhusu wajibu wako, wewe hukuwekewa mikono, yaani hukusimikwa kuwa mchungaji. Mama Mchungaji ni jina la heshima na wala si cheo. Mbele ya kanisa mke wa mchungaji ni muumini kama wengine: akijisikia kuitwa anaweza kuwa mhubiri wa mahali, yaani muumini anayehubiri bila kuwa mchungaji, au kiongozi wa darasa, yaani kikundi kidogo cha waumini, na asipojisikia anaweza kukaa kwenye benchi lake akaimba. Zaidi ya hayo, wanawake walipata haki kamili za uchungaji katika Kanisa la Methodisti la Marekani mwaka 1956, na lile la Uingereza likaanza kuwawekea mikono mwaka 1974, kwa hiyo siku hizi wapo pia waume wa wachungaji, nami sijasikia wakiulizwa wataongoza kikundi gani.

Wanaokuuliza wajibu kwa upole kwamba utaamua mkishahamia na kuwafahamu watu wa huko, na mwombe mchumba wako atoe jibu hilohilo, kwa sababu akiahidi kwa niaba yako itakuwia vigumu kukataa. Jambo la haraka zaidi ni kazi yako. Ketini pamoja kabla ya arusi, mwandike ni wapi unaweza kufundisha na ni mambo gani hamwezi kuyaacha, kisha yeye ayafikishe kwa wanaopanga vituo mapema, kabla hajapangiwa kituo cha kwanza, kwa kuwa hawawezi kuizingatia kazi ambayo hawajaambiwa kwamba ipo.