Kombe waliovuka Ruzizi

SWALI: Yaya, jambo. Shemeji yangu katoka Dar es Salaam, akashukia Kamembe, upande wa Rwanda, akavuka mto Ruzizi na boksi la barafu. Ndani kuna kombe wa bahari na magamba yao. Barafu imeyeyuka. Wengine wamefumba, wengine wameachama. Baba watoto anasema tuwachemshe wote, eti moto unaua kila kitu. Na yeye mwenyewe akila kamba wa bahari huvimba midomo. Nifanyeje?
Mama wa Nguba, Bukavu

JIBU: Mama wa Nguba, mwambie baba watoto, kwa heshima zote, moto hauui kila kitu. Kombe akifia ndani ya gamba huharibika upesi sana, na zipo sumu anazozipata kwa vijimea vya baharini ambazo kuchemsha hakuziondoi. Kazi yako inaanzia kwenye beseni, kabla ya sufuria.

Mimi nilifundishwa Tanga, kwa shangazi ya mume wangu. Bahari ikipwa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kuliko kawaida, wanawake walishuka na ndoo kuchokoa mchanga. Jikoni shangazi aliwashika mmoja mmoja. Aliyefumba, mzima. Aliyeachama aligongwa gambani. Akijifumba, naye mzima, asipojifumba, nje. Gamba lililovunjika, nje. Kisha alinusa: harufu ya bahari sawa, uvundo hapana. Fanya hivyo hivyo, wala usimwonee shemeji haya kwa sababu ya nauli aliyolipa.

Watoe haraka kwenye maji ya barafu, maana kombe wa bahari akilala kwenye maji matamu anakufa. Mfuko wa plastiki uliofungwa nao unamnyima hewa. Wafunike kitambaa chenye unyevu, uwaweke kwenye frigo, na uwapike leo leo. Kabla ya kupika waloweke saa moja kwenye maji baridi ya chumvi, vijiko viwili vya mezani kwa kila lita, wateme mchanga.

Kwenye sufuria ndipo ninapobishana na wapishi wengi, wanaoepua mara tu magamba yanapofunguka. Kombe anaishi kwa kuchuja maji, na uchafu wa maji hayo unabaki mwilini mwake, pamoja na vijidudu vya kipindupindu na virusi vya homa ya ini aina ya A. Ili kuviua virusi hivyo, nyama yenyewe, mpaka ndani, inatakiwa ifike nyuzi 90 za Selsiasi kwa sekunde 90. Bukavu yetu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Hatuna ziada kubwa. Basi magamba yakifunguka, acha yatokote dakika tano nzima, sufuria imefunikwa, moto wa makala umekolea. Nyama itakaza kidogo, kubali. Asiyefunguka mpaka mwisho, usimlazimishe kwa kisu, mtupe. Kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili vinatosha, na bugali pembeni. Chumvi onja kwanza, kombe huja na yake.

Sasa baba watoto. Hapa sitanii hata kidogo: kuvimba midomo kwa ajili ya kamba ni onyo. Protini inayowadhuru wengi kwenye kamba, tropomyosini, inapatikana kwenye kombe pia, na kupika hakuiondoi. Si kila anayedhurika na kamba atadhurika na kombe, lakini jambo hilo hupimwa kwa daktari, halijaribiwi mezani usiku. Mkaangie sambaza zake, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye kikaango kingine, mafuta mengine, kijiko kingine. Mchuzi wa kombe asiuonje, hata kwa ncha ya kidole. Akiuonja kwa bahati mbaya, ulimi ukavimba au pumzi ikabana, msingojee kuche. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.